Kujaribu programu mpya kwenye simu kwa siku saba: mwongozo kamili

Karibu kila simu ina programu tatu nne zilizowekwa kwa hamu, zikafunguliwa mara mbili, zikasahaulika. Ubaya ni kwamba hazilali. Zinashika nafasi, zinajisasisha kwa bando lako, na bado zina ruhusa zote ulizozipa siku ile ya kwanza. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuijaribu programu kwa siku saba ukajua kama inakufaa, kisha kuibakiza au kuitoa bila kuacha mabaki. Umelenga simu za Android za kawaida, zenye hifadhi ya GB 32 au 64 na RAM ya GB 2 hadi 4. Mpangilio wa menyu hutofautiana kidogo kati ya Tecno, Infinix, Samsung na Redmi. Usipoona kinachotajwa hapa, fungua Mipangilio na uandike neno hilo kwenye kisanduku cha kutafuta kilicho juu.

Anza na kazi

Kabla ya kuingia Play Store, andika sentensi moja ya kazi unayotaka ifanyike. Iwe sentensi inayopimika:

- Nataka vyeti vyangu vitatu viwe PDF, kila moja isizidi MB 1.
- Nataka mama akumbushwe dawa ya presha saa mbili asubuhi na saa mbili usiku, kila siku.
- Nataka kufika kwa mteja Mbagala bila kuwasha data.
- Nataka kujua kama mihogo yangu ina ugonjwa wa batobato au wa michirizi kahawia.

Sentensi kama "nataka programu nzuri ya kupanga maisha" haipimiki, na ukiianza nayo utajikuta umepakua programu sita na bado hujui ipi imeshinda.

Ukishaandika, angalia kama simu yenyewe haina tayari kitu cha kufanya kazi hiyo. Programu ya Saa ina kengele zinazojirudia. Google Drive, ambayo huja na simu nyingi, inapiga picha karatasi na kuigeuza PDF. Kamera nyingi zina Google Lens ya kusoma maandishi. Kwa kutuma pesa na kununua bando, menyu ya *150*00# ya M-Pesa Tanzania au *334# ya Safaricom Kenya haihitaji data wala nafasi hata ya MB moja. Programu ya mtandao wa simu inafaa kuwekwa ikiwa unataka taarifa ya miamala au huduma ambayo menyu haina. Kama hutaki hayo, menyu inatosha.

Andaa simu kwa nusu saa

Nafasi kwanza. Fungua Mipangilio, kisha Hifadhi, uone kilichobaki. Usianze jaribio ukiwa na chini ya GB 2. Sababu ni kwamba ukubwa unaouona dukani ni wa faili linaloshuka. Likishafunguka ndani ya simu huchukua nafasi zaidi, na mfumo unahitaji pia nafasi ya kufanyia kazi wakati wa kusakinisha. Ndiyo maana mtu mwenye MB 300 zilizobaki anaambiwa nafasi haitoshi kwa programu ya MB 90. Pa kupunguzia haraka ni folda ya video za WhatsApp, hasa zile ulizozituma wewe mwenyewe. Nakala zake hukaa kwenye folda ya zilizotumwa, na wengi hawajui kuwa ipo.

Kisha rekebisha Play Store. Bonyeza picha yako juu kulia, ingia Mipangilio, halafu mapendeleo ya mtandao. Weka upakuaji uwe kwa Wi-Fi tu, au simu ikuulize kila mara. Zima usasishaji wa kujiendesha, zima na video zinazojicheza zenyewe. Ukishazima usasishaji, jiwekee siku ya kusasisha mwenyewe ukiwa kwenye Wi-Fi, walau mara moja kwa wiki mbili. WhatsApp, programu za benki na kivinjari zisikose siku hiyo, kwa sababu masasisho yake huziba matundu ya usalama.

Fungua barua pepe ya pili kwa ajili ya majaribio tu. Programu nyingi hudai akaunti kabla hujaona chochote, na anwani unayowapa huanza kupokea matangazo siku hiyohiyo. Barua pepe inayobeba akaunti ya benki na picha zako haipaswi kuchezewa. Namba ya simu uitoe pale tu ambapo kazi yenyewe inaihitaji, kama usafiri au malipo. Programu ya kutambua ndege haina sababu ya kutaka namba yako.

Mwisho, chukua daftari uandike namba tatu: nafasi iliyobaki, data iliyotumika mwezi huu, na chaji iliyobaki saa fulani ya jioni, mfano saa kumi na mbili, kwa siku ya kawaida. Bila namba hizi, siku ya saba utakuwa unakisia.

Soma ukurasa kabla ya kubonyeza Sakinisha

Ukurasa wa programu una mambo mengi, ila matano yanatosha.

Jina la mtengenezaji, lililo chini ya jina la programu. Matapeli huiga nembo na jina la programu inayojulikana, lakini jina la mtengenezaji huwasumbua. Ukitafuta programu ya benki au mtandao wa simu, usitegemee kisanduku cha kutafuta. Ingia tovuti ya benki hiyo, bonyeza kiungo chao, kitakupeleka ukurasa sahihi.

Tarehe ya sasisho la mwisho, ndani ya "Kuhusu programu hii". Programu ambayo haijaguswa kwa miaka miwili inaweza bado kufanya kazi, lakini ikileta hitilafu kwenye Android mpya hakuna atakayeirekebisha.

Ukubwa, ambao nao umo humo chini kabisa. Tochi ya MB 60 ina mzigo usiohusu mwanga.

Sehemu ya usalama wa data, ambayo Google iliiongeza mwaka 2022. Inaonyesha taarifa zinazokusanywa na zinazopelekwa kwa wengine. Kumbuka kwamba inajazwa na mtengenezaji mwenyewe, kwa hiyo ichukulie kama maelezo ya muuzaji. Akikiri kwamba anakusanya mahali ulipo na majina ya kitabu chako cha simu, amini. Akisema hakusanyi chochote, subiri uone ruhusa atakazoomba.

Maoni. Yapange kwa mapya zaidi, soma yenye nyota mbili na tatu. Nyota tano nyingi huandikwa dakika tano za mwanzo, na nyota moja nyingi ni hasira. Mwenye nyota tatu ameitumia, anaeleza kilichokwama. Tafuta watu wenye simu kama yako. Ukiona watatu wanasema inaganda kwenye simu ya RAM ya GB 2, na yako ni hiyo, umeshapata jibu bila kutumia bando.

Kuhusu faili za APK, yaani faili za kusakinishia programu bila kupitia Play Store, zinazorushwa kwenye makundi ya WhatsApp, msimamo wetu ni mmoja: usizifungue, hata kama zimetumwa na ndugu. Mara nyingi ndugu mwenyewe hajui alichotuma, au simu yake imeshaingiliwa. Matoleo ya WhatsApp yaliyochezewa yana hatari nyingine ya ziada: WhatsApp hufungia namba za wanaoyatumia, na unaweza kupoteza mazungumzo ya miaka. Ukihitaji programu huria ambazo hazipo Play Store, F-Droid ni hazina inayoaminika, imekuwepo tangu 2010.

Ruhusa: hapa ndipo pa kuwa mkaidi

Tangu Android 6 ya mwaka 2015, programu huomba ruhusa wakati inapoihitaji. Maana yake unaweza kukataa zote mwanzoni na bado ukaendelea. Fanya hivyo. Kila ombi likija, jibu usiruhusu, kisha endelea na kazi yako. Programu iliyotengenezwa vizuri itakuomba tena pale unapobonyeza kitu kinachohitaji ruhusa hiyo, na sababu utaiona mwenyewe: umebonyeza kamera, inaomba kamera. Inayogoma kufunguka kabisa mpaka upewe majina yote ya kitabu cha simu inakuambia tabia yake mapema, nawe uitoe siku hiyohiyo.

Kwa kamera, kinasa sauti na mahali, Android 11 na kuendelea zina chaguo la kuruhusu mara hii pekee. Litumie siku zote saba. Kuanzia Android 12 unaweza pia kutoa mahali pa kukadiria badala ya pale hasa ulipo. Hali ya hewa inatosheka na makadirio, ramani haitosheki. Nukta ya kijani ikiwaka juu kulia ujue kamera au kinasa sauti kinatumika muda huo. Ikiwaka wakati hujafungua chochote, shusha pazia la arifa, iguse, utaambiwa ni nani.

Kwa picha, Android 14 inakuruhusu kuchagua picha moja moja badala ya kufungua ghala zima. Programu ya kupunguza ukubwa wa picha ipe ile unayoipunguza tu.

Ruhusa nne zinastahili tahadhari ya pekee, kwa sababu ndizo zinazoweza kukumalizia pesa.

Kusoma SMS. Ujumbe wako una salio, miamala, na namba za uthibitisho za kuingilia akaunti. Zipo programu za kutunza matumizi zinazoomba ruhusa hii ili zisome ujumbe wa M-Pesa na kujaza zenyewe. Ni urahisi wa kweli, lakini gharama yake ni kumfungulia mtu usiyemjua ujumbe wako wote. Chagua ya kujaza kwa mkono. Kuingiza matumizi kumi kwa siku hakuzidi dakika tatu.

Kusoma arifa. Namba za uthibitisho hupita kwenye arifa, kwa hiyo athari yake ni ileile ya SMS.

Ufikivu. Ruhusa hii iliwekwa kwa ajili ya programu zinazowasaidia watu wenye ulemavu wa macho au mikono. Inaweza kusoma kilicho kwenye kioo na kubonyeza kwa niaba yako. Virusi vya kuiba kwenye programu za benki huitaka hii kuliko nyingine yoyote. Mchezo, kibodi ya urembo au kisafisha simu hakiihitaji.

Kujionyesha juu ya programu nyingine. Ikiwa nayo, programu inaweza kuchora ukurasa wa uongo juu ya ule wa benki, ukaandika namba ya siri ukidhani uko benki.

Na namba ya siri ya pesa haiandikwi kwenye programu unayoijaribu, kwa sababu yoyote ile. Malipo halali kwa pesa za simu huleta dirisha la mtandao wako wenyewe, nawe unaandika namba humo.

Siku saba

Siku ya kwanza fanya ile kazi uliyoiandika, mara moja, mwanzo hadi mwisho. Kisha, kabla hujaingiza taarifa nyingi, jaribu mlango wa kutokea: je, unaweza kutoa ulichoandika humo kama PDF, kama jedwali la kufungua kwenye Excel, au kama maandishi ya kunakili? Tafuta neno la kuhamisha au kushiriki kwenye menyu. Programu inayopokea daftari lako la duka na haikurudishii itakufunga baada ya mwaka, wakati una miamala elfu moja ndani.

Siku ya pili na ya tatu zima data na Wi-Fi, rudia kazi ileile. Nyingi zinazojitangaza kuwa hazihitaji mtandao zinahitaji mtandao mara ya kwanza tu, na nyingine zinauhitaji kila zinapofunguka ili kuleta matangazo. Ni bora ulijue hilo ukiwa nyumbani.

Siku ya nne hadi ya sita tumia kama kawaida bila kujilazimisha. Kama imepita siku mbili hukuigusa ingawa kazi ilikuwepo, andika hilo daftarini. Ni matokeo kamili kama mengine.

Siku ya saba rudi kwenye namba tatu. Ndani ya Mipangilio fungua Programu, chagua hiyo unayoijaribu, utaona nafasi, data na betri vyake. Kwenye nafasi, tofautisha programu yenyewe, taarifa zako, na akiba ya muda. Akiba ya muda unaweza kuifuta bila hasara. Ukifuta taarifa umerudi siku ya kwanza. Kwenye data, angalia kiasi kilichotumika ikiwa nyuma, yaani wakati hujaifungua. Programu ya maandishi matupu iliyokula MB 100 nyuma kwa wiki inafanya kazi ya mtu mwingine. Inyime data ya nyuma hapohapo, na kama kazi yako bado inakwenda, ibaki hivyo.

Majaribio manne hatua kwa hatua

Vyeti kuwa PDF

Fungua Google Drive, bonyeza alama ya kamera au ya kujumlisha chini kulia, chagua kuchanganua. Weka cheti juu ya kitambaa cheusi au kanga yenye rangi nzito. Karatasi nyeupe juu ya meza nyeupe huichanganya programu, haioni kingo, inakata kona. Kaa karibu na dirisha, mwanga utoke ubavuni, na taa ya juu izime ili kivuli cha mkono na simu kisianguke kwenye karatasi. Shika simu sambamba na meza, subiri fremu ifuate kingo nne, piga.

Kosa kubwa linatokea kwenye rangi. Ukichagua nyeusi na nyeupe faili linakuwa dogo sana, lakini muhuri wa bluu na saini ya kalamu ya bluu hufifia au hupotea kabisa, na cheti kisicho na muhuri kinarudishwa. Kwa vyeti tumia rangi. Nyeusi na nyeupe ni kwa kurasa za maandishi tupu. Ukimaliza, fungua PDF na ukuze mpaka usome namba ya cheti na maandishi ya duara ndani ya muhuri. Yakisomeka, angalia ukubwa. Likizidi kiwango cha mfumo unaoombea, changanua upya kwa ubora wa chini, kama mipangilio ya kuchanganua ina chaguo hilo. Usipeleke kitambulisho wala vyeti kwenye tovuti za bure za kupunguza faili, maana unazikabidhi nakala za utambulisho wako.

Kikumbusho cha dawa

Weka simu isomeke saa 24 kwanza. Kwetu saa mbili asubuhi ni 08:00 na saa mbili usiku ni 20:00. Mtu anayeandika 2:00 kwa mazoea ataamshwa saa nane usiku. Njia ya kuhakiki ni kujumlisha sita kwa saa za mchana, na kwa za usiku kujumlisha kumi na nane. Ikifika 24 au kuzidi, toa 24: saa tisa usiku ni 27, kwa hiyo 03:00.

Weka kikumbusho cha dakika tano mbele, funga kioo, subiri. Kikilia, weka kingine cha kesho asubuhi. Hiki cha pili ndicho kipimo. Simu nyingi za bei nafuu huzima programu zilizo nyuma ili kulinda chaji, na kikumbusho kinakufa usiku bila kusema. Kisipolia, ingia Mipangilio, Betri, tafuta programu hiyo, iondolee vizuizi. Tecno na Infinix zina pia orodha ya programu zinazoruhusiwa kujiwasha zenyewe, mara nyingi ndani ya Phone Master, programu ya kutunza simu inayokuja nazo. Iwashe humo. Tangu Android 13, arifa nazo ni ruhusa inayoombwa, na aliyekataa mwanzoni hataona kitu. Kama baada ya yote hayo kinakosa hata siku moja kati ya saba, kiache, tumia kengele ya Saa iliyokuja na simu na uandike jina la dawa kwenye lebo yake. Kwa dawa ya presha, sita kati ya saba haikubaliki.

Ramani bila data

Organic Maps ni ya bure, haina matangazo, ilianza 2021, na ramani zake zinatokana na OpenStreetMap, ramani huru inayochorwa na watu wa kujitolea. Ukiifungua mara ya kwanza inakuomba upakue ramani ya eneo. Fanya kwa Wi-Fi, ni mamia ya MB ukichukua eneo kubwa. Kisha zima data, toka nje penye anga wazi, usubiri dakika moja hadi tatu. GPS haihitaji bando, lakini bila mtandao simu inachelewa kupata satelaiti, hasa ukiwa chini ya bati au katikati ya maghorofa. Wengi hukata tamaa hapa wakidhani programu ni mbovu.

Tafuta kwa kitu kinachojulikana: kituo cha daladala, shule, msikiti, kituo cha mafuta. Majina ya mitaa hayatakusaidia sana kwa sababu hata wenyeji hawayatumii. Dar es Salaam ina undani ambao miji mingi haina, hadi vichochoro na mifereji. Kazi hiyo ilifanywa na wanafunzi na wakazi kupitia mradi wa Ramani Huria kuanzia 2015, wakipima mtaa kwa mtaa kwa ajili ya mafuriko. Ukiwa kijijini tegemea barabara kuu na si zaidi. Ukipanda bodaboda chagua alama ya gari. Ukichagua ya mguu itakupitisha kwenye ngazi na vijia. Mahali unapopajua na hapamo, weka alamisho yako, nayo itasomeka bila data.

Mihogo

PlantVillage, yenye msaidizi aitwaye Nuru, iliandaliwa na Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania cha Marekani pamoja na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, na watafiti wa zao la muhogo wa IITA, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo. Inatambua magonjwa ya muhogo na viwavijeshi vamizi wa mahindi kwa kamera, shambani, bila mtandao, na inasema Kiswahili. Pakua na uifungue mara ya kwanza nyumbani ukiwa na mtandao ili ikamilishe kushusha inachohitaji.

Shambani, jani liwe kavu na kivuli cha mwili wako kisiliangukie. Lijaze fremu, subiri kamera itulie. Usipime jani moja ukaondoka. Utafiti uliofanyika Tanzania na kuchapishwa 2020 ulionyesha kuwa usahihi hupanda ukipima majani sita ya mmea mmoja. Chagua ya juu na ya chini, kwa sababu magonjwa hayakai mahali pamoja: batobato huonekana zaidi kwenye majani machanga, yamejikunja na yana mabaka ya njano, na michirizi kahawia huanzia majani ya chini yaliyokomaa, njano ikifuata mishipa. Ukipima ya juu peke yake, michirizi kahawia itakupita.

Kuna kitu kamera haiwezi kukiona. Michirizi kahawia huozesha mhogo ndani ya udongo, na shina linaweza kuonekana lina afya. Ng'oa mashina matatu sehemu tofauti za shamba, kata mhogo vipande, tafuta mabaka makavu ya kahawia ndani ya nyama nyeupe. Ukiyaona, usichukue mbegu hapo, hata kama simu imesema mmea ni mzima, na mwite afisa ugani.

Zinazotoza

"Bure siku 7" maana yake umeshakubali kulipa siku ya nane. Ukisharuhusu malipo, nenda moja kwa moja kwenye picha yako ndani ya Play Store, Malipo na usajili, ughairi siku hiyohiyo. Kwa kawaida utaendelea kuitumia mpaka muda wa bure uishe, na hukatwi. Kuifuta programu hakughairi usajili, kadi itaendelea kukatwa kila mwezi kwa kitu ambacho hakimo hata kwenye simu. Ukiwa umenunua na haikufaa, omba kurudishiwa pesa kupitia Play Store ndani ya saa 48. Zikipita, unabaki kumwomba mtengenezaji.

Programu za mikopo usiziweke kwa majaribio hata kidogo. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni, na Kenya wakopeshaji wa kidijitali wanatakiwa kuwa na leseni ya Benki Kuu kwa kanuni za 2022. Google ilikataza mwaka 2023 programu za mikopo kuingia kwenye majina ya kitabu cha simu na picha za mtu. Ukikutana na inayoomba majina, imeshavunja sharti hilo, na majina hayo ndiyo hutumika kumwaibisha mkopaji kwa jamaa zake.

Kuitoa vizuri

Kubonyeza Sanidua ni hatua ya mwisho. Zinazotangulia ni hizi, kwa mpangilio:

1. Toa nje ulichokiandika humo, uhakikishe faili linafunguka mahali pengine.
2. Ghairi usajili kama upo.
3. Ndani ya programu, tafuta kufuta akaunti kwenye wasifu au mipangilio yake. Duka la Google linazitaka programu zenye akaunti ziwe na njia hiyo, ndani ya programu na kwenye tovuti.
4. Kama uliingia kwa akaunti ya Google, fungua akaunti yako ya Google, sehemu ya usalama, uondoe muunganisho wa programu hiyo.
5. Sanidua. Ikikataa kutoka, angalia kama imejipa usimamizi wa kifaa. Iondoe huko kwanza.
6. Fungua kidhibiti faili, ufute folda yenye jina lake kama imebaki.

Unayotaka kuirudia msimu mwingine, mfano ya ramani au ya mihogo, tumia kuweka kwenye kumbukumbu badala ya kusanidua, ikiwa simu yako ina chaguo hilo: programu inapungua, taarifa zako zinabaki.

Mtengenezaji akikataa kufuta taarifa zako, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na tume inayopokea malalamiko, na Kenya ina sheria yake ya 2019 na ofisi ya kamishna. Namba iliyokutumia ujumbe wa kitapeli baada ya jaribio itume kwenda 15040 ukiwa Tanzania. Kisha fungua tena Hifadhi, ulinganishe na namba ya daftarini. Zikikaribiana, anza programu ya pili kwenye orodha yako kwa sentensi ileile.